Bahari iko mbali, lakini bei ya dukani Kigoma inaanzia gatini

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Nina duka la jumla hapa Mwanga, Kigoma. Nauza mafuta ya kula, unga wa ngano, sabuni na mabati. Kila siku redioni nasikia bandari ndiyo uti wa mgongo wa uchumi, na wakisema bandari wanamaanisha Dar es Salaam. Mimi bahari nimeiona mara chache. Naomba unieleze bila kunizungusha: bandari ya Dar inaingiaje kwenye bei ya dukani kwangu? Na hii bandari yetu ya ziwani ipo tangu enzi za Mjerumani, mbona vitu hapa bado ni ghali kuliko pwani? Hiyo treni ya SGR, reli mpya ya kisasa, ikifika, tutapata nafuu kweli?"

Marahaba, dada yangu. Nianze na dumu la lita 20 la mafuta ya kula lililopo dukani kwako, maana humo ndani kuna karibu kila ulichouliza.

Sehemu kubwa ya mafuta ya kula tunayotumia nchini bado inaagizwa nje, hasa mawese ya Malaysia na Indonesia. Yanavuka Bahari ya Hindi kwa meli ya matangi hadi Dar es Salaam. Meli ikikuta gati iko wazi, mabomba yanaunganishwa, mafuta yanasukumwa hadi kwenye matangi ya nchi kavu na meli inaondoka. Ikikuta gati ina meli nyingine, inatia nanga nje kusubiri zamu. Hapo ndipo bei ya Mwanga inapoanza kupanda, kabla hata dumu lenyewe halijajazwa.

Meli haina siku ya bure. Iwe inatembea au imetulia, kuna kodi ya kuikodi, kuna mishahara ya mabaharia, kuna mafuta yanayoungua kuendesha mitambo yake, kuna bima. Siku ya kusubiri inalipwa na mtu, na mtu huyo hatimaye ni mnunuzi. Kampuni za meli zinajua bandari zipi duniani zinachelewesha, na zinazichelewesha kwa kiasi gani. Nauli ya kwenda kwenye bandari yenye foleni huwekwa juu tangu mwanzo, au huongezwa tozo ya msongamano. Kwa hiyo hata mzigo wako ukiwa na bahati ya kushuka siku ileile, unaweza kuwa umeshalipia uchelewaji wa mizigo ya wenzako.

Mzigo wa kwenye kontena, kama vipuri au bidhaa za China, una saa za ukutani mbili zinazohesabu siku kwa pamoja. Bandari inakupa siku chache za bure, zikipita unalipa storeji. Mwenye kontena naye anakupa siku zake, zikipita unalipa demareji mpaka urudishe kontena tupu. Hati moja ikikosewa, thamani ikibishaniwa na forodha, au wakala akichelewa kuwasilisha nyaraka, saa zote mbili zinaendelea kutembea. Nimefanya kazi ya kusafirisha mizigo miaka mingi na nimeona mzigo mdogo wa vipuri ukiliwa na storeji hadi faida yote ikaisha kabla kontena halijatoka getini. Mwenye mzigo alikuwa amekopa benki, na riba nayo haikungoja.

Ndiyo maana nasema bandari inauza siku. Gati, kreni, kina cha maji, mfumo wa forodha, reli inayoingia ndani ya uzio, vyote hivyo vipo ili kupunguza siku. Mwaka 2017 serikali ilipoanza mradi mkubwa wa kuboresha bandari ya Dar kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kuimarisha gati namba 1 hadi 7 na kuongeza kina chake, lengo lilikuwa meli kubwa zaidi ziweze kuingia. Meli kubwa inagawa gharama zake kwa mzigo mwingi, hivyo kila tani inabeba sehemu ndogo. Na mwaka 2023 serikali ilipoikabidhi DP World, kampuni ya Dubai, uendeshaji wa sehemu ya gati hizo kwa mkataba wa miaka 30, watu walibishana sana, na walikuwa na haki ya kubishana kwa sababu lile ni lango la nchi nzima. Kipimo ambacho mimi ningependa kila mwananchi akishike mkononi ni hiki: meli inasubiri siku ngapi nje, na mzigo unakaa siku ngapi ndani. Bandari ikitangaza imehudumia tani nyingi kuliko mwaka jana, uliza na siku.

Turudi kwenye dumu. Mafuta yakishashuka yanalipiwa tozo za bandari na ushuru wa forodha. Ushuru huo unategemea kama yamekuja ghafi au yameshasafishwa, maana yaliyosafishwa hutozwa zaidi ili viwanda vya ndani vipate kazi. VAT ya asilimia 18 nayo ina nafasi yake. Kiwanda kinayasafisha na kuyajaza kwenye madumu. Mpaka hapo, dumu lako na dumu la muuzaji wa Kariakoo ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti inaanza kwenye lori.

Nitatumia namba za kubuni ili hesabu ionekane. Wewe weka nauli halisi unayolipa. Tuseme lori la tani 30 linakodiwa kwa shilingi 6,000,000 kutoka Dar hadi Kigoma. Hiyo ni shilingi 200,000 kwa tani, au 200 kwa kilo. Dumu la lita 20 likiwa na mafuta linakaribia kilo 19, basi limebeba nauli ya shilingi 3,800. Sasa sikiliza: ile milioni 6 haikuwa ya safari moja. Mwenye lori alijua kwamba akishusha Mwanga anaweza kurudi mtupu, kwa hiyo amekutoza kwenda na kurudi. Angekuwa na uhakika wa kupata mzigo wa kurudi nao unaolipa hata milioni 2, angeweza kukufanyia kwa milioni 4 na mfuko wake usingepungua. Nauli ya dumu ingeshuka hadi shilingi 2,530 hivi. Karibu shilingi 1,270 kwa kila dumu unamlipia mwenye lori ili arudi na turubai lililokunjwa.

Hili ndilo jibu langu kwa swali lako la pili, na ninaliamini kuliko jingine lolote. Umbali wa Kigoma na bahari unaongeza bei, hilo halina ubishi. Lakini safari ya kurudi bila mzigo inaongeza nayo, na hii tunaweza kuipunguza, wakati umbali hatuwezi.

Nisikuache bila kueleza kwa nini redio inaita bandari uti wa mgongo, kwa sababu hawatii chumvi. Zaidi ya asilimia 80 ya biashara ya bidhaa duniani, kwa uzito, husafiri kwa meli. Hakuna chombo kingine kinachoweza kubeba ngano, mbolea, mafuta ya magari na chuma kwa bei ambayo nchi ya kipato chetu inaimudu. Petroli na dizeli yote inayosukuma malori ya Kigoma ilishushwa kwenye bandari ya bahari. Tumbaku ya Urambo na Kaliua, kahawa ya Kasulu na Buhigwe, korosho ya Mtwara na dhahabu ya Geita ndizo zinazotuletea dola. Dhahabu inaruka kwa ndege, lakini mazao yanapakiwa melini. Ushuru unaokusanywa na TRA pale bandarini ni sehemu nzito ya mapato ya serikali, na huo hulipa mishahara ya walimu wa Kibondo sawasawa na ya walimu wa Temeke.

Kuna pato la pili ambalo wengi hawalioni. Mzigo unaopita kwenda nchi jirani hautulipi ushuru wa forodha. Unapita kwa dhamana na kulipiwa kwao. Faida yetu ni huduma: tozo za gati, nauli ya lori na reli, mafuta, mawakala, bima, maghala, chakula cha madereva njiani. Kongo, Zambia, Rwanda, Burundi na Malawi zote zinatumia Dar. Katika mauzo ya huduma nje ya nchi, usafirishaji unafuata nyuma ya utalii tu. Watalii tunawaimbia, dereva wa lori la Lubumbashi aliyelala Tunduma analeta fedha za kigeni bila kupigwa picha.

Na anayetaka kujua bandari ina thamani gani awaulize wasio nayo. Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964, njia zake kuu za baharini zilipita kusini. Mwaka uliofuata walowezi weupe wa Rhodesia, leo Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikajikuta shaba yake na mafuta yake viko mikononi mwa utawala iliokuwa inaupinga. Lilijengwa bomba la TAZAMA la kupeleka mafuta Ndola, likaanza kazi mwaka 1968. Kisha reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, ikajengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 1976. Nchi mbili changa na maskini ziliingia gharama kubwa kiasi hicho kwa sababu moja: kufika gatini bila kumwomba adui ruhusa.

Sisi wa Kigoma tuna mfano wa karibu zaidi. Julai 1996, baada ya mapinduzi ya kijeshi Burundi, nchi za jirani, Tanzania ikiwemo, ziliiwekea vikwazo vya kiuchumi, vikasitishwa Januari 1999. Bandari yetu ndiyo ilikuwa mdomo wa Bujumbura. Mdomo ulipofungwa, Warundi waliumia, na gati letu nalo likakosa kazi, kwa kuwa sehemu kubwa ya riziki ya bandari ya Kigoma haitoki Kigoma. Wachukuzi, mawakala, mama lishe wa getini, wote walikuwa wanakula kwenye mzigo wa jirani. Wakati huo huo Kongo ikaingia vitani. Bandari haiwezi kuwa na afya kuliko wateja wake wa ng'ambo.

Sasa hii bandari yetu yenyewe.

Kabla ya reli, mji wa biashara ulikuwa Ujiji. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji baada ya miezi, wapagazi wakiwa wamebeba nguo na shanga na kurudi na pembe. Na waliorudi wamefungwa minyororo pia walipita njia hiyo hiyo, tusilisahau. Lakini Ujiji ni ufuko ulio wazi. Miaka ya 1870 mto Lukuga, upande wa Kongo, ulipofungua mlango wake, maji ya ziwa yalishuka sana na ufuko wa Ujiji ukazidi kuwa mbali na kina. Wajerumani walipoleta reli walikwenda kilomita chache kaskazini, kwenye ghuba ya Kigoma yenye kina na kinga ya upepo. Reli ya Kati iliyoanza Dar mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, takriban kilomita 1,250. Meli tunayoiita Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikaja kwa meli hadi Dar, kisha kwa reli hadi hapa, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha isichukuliwe. Waingereza wakaiopoa na kuirudisha kazini mwaka 1927.

Angalia alichokuwa anajenga Mjerumani. Alikuwa anataka kuteka biashara ya mashariki mwa Kongo ielekee Dar. Kigoma ilikuwa mahali pa kubadilishia mzigo kutoka behewa kwenda melini. Wabelgiji waliielewa hesabu hiyo vizuri: mwaka 1921 walikubaliana na Waingereza wapewe eneo lao maalumu katika bandari ya Dar na jingine hapa Kigoma, maarufu kama Belbase, ili mizigo ya Kongo, Rwanda na Burundi ipite bila kusumbuliwa. Walilipa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Kwa hiyo tangu mwanzo bandari ya Kigoma ilitengenezwa kama mlango wa watu wengine, na mji ukapata chenji. Ukijiuliza kwa nini mji wenye reli na bandari kwa zaidi ya miaka 100 haukuota viwanda vingi, anzia hapo.

Bandari ya aina hii inasimama kwa mikono miwili: reli inayoleta na meli zinazochukua. Mkono mmoja ukilegea, gati linabaki ukuta mzuri kando ya maji. Na mikono yote miwili imelegea kwa miaka mingi. Reli ya zamani inapita kati ya Kilosa na Gulwe, ambako mafuriko yameisomba mara nyingi. Tuta likikatika kule, Kigoma inakaa kimya hadi mafundi wamalize. Mabehewa yalipungua, vichwa vya treni vikachakaa. Upande wa ziwa, meli za mizigo ni chache na nyingi zina umri mkubwa. Liemba yenyewe ilisimama muda mrefu kwa matengenezo. Mzigo hausubiri hisia zetu. Barabara zilipoanza kuwekwa lami na Daraja la Kikwete likafunguliwa pale Malagarasi, malori yakaanza kwenda Bujumbura moja kwa moja kupitia mipaka ya Kabanga au Manyovu. Mfanyabiashara wa Burundi analipa zaidi kwa tani lakini anajua siku ya kupokea mzigo wake. Tumeshasema: anachonunua ni siku.

Ukiwa na nafasi siku ya kupakia saruji, nenda kaangalie mwenyewe. Behewa linasogezwa hadi gatini kabisa, reli na maji vikitenganishwa na hatua chache, jambo ambalo bandari nyingi zingelipia fedha nyingi kulipata. Mlango wa behewa unafunguliwa, na vijana wanaanza: mfuko wa kilo 50 begani, hatua za haraka, ubao, tumbo la meli, wanarudi. Vumbi la saruji limewafanya weupe hadi kope. Karani anasimama kivulini na kitabu chake akihesabu mistari mitano mitano. Behewa la reli ile ya zamani linabeba karibu tani 40, yaani mifuko 800, na kila mfuko unapita juu ya bega la mtu. Nawaheshimu sana wale vijana, na siombi mashine iwafukuze kazi kesho. Lakini meli inakaa gatini kutwa na pengine kucha kwa kazi ambayo kreni na mifuko iliyofungwa pamoja kwenye nyavu ingeifanya kwa muda mfupi tu, na wao wangebaki na kazi ya kufunga, kupanga na kuendesha, ambayo haivunji mgongo mtu akiwa na miaka 35.

Kisha shuka Kibirizi. Pale hakuna reli, lakini biashara inachemka. Maboti ya mbao yanapakia sabuni, sukari, magodoro, mabati, unga, kuelekea vijiji vya kaskazini hadi Kagunga, na ng'ambo Kongo. Wateja wako wa Uvira na Baraka wanapita humo. Maboti haya yanashinda kwa sababu yanaondoka. Hayabebi tani nyingi, bima hakuna, ziwa likichafuka watu wanakufa, lakini yanaondoka leo. Miaka ya karibuni TPA, Mamlaka ya Bandari, imejenga gati Kibirizi na Ujiji, na imeweka bandari kavu Katosho ili makontena yasibanane gatini. Ni kazi njema. Ila kama ningeulizwa shilingi inayofuata iende wapi, ningesema iende kwenye meli za mizigo zenye ratiba na kwenye mabehewa, kabla ya kumwaga zege zaidi. Gati tunazo kuliko tunavyoweza kuzijaza.

Na kina cha ziwa? Wengi hudhani tatizo la bandari ya ziwani ni maji. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa. Ni la pili kwa kina duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Shida iko ukingoni, ambako mchanga unajaa na usawa wa maji unabadilika. Miaka ya 2020 na 2021 maji yalipanda hadi kufunika sehemu za bandari za ziwa hili, Bujumbura ikiumia sana. Mhandisi anayejenga gati hapa lazima ajenge kwa ajili ya maji ya juu na ya chini pia.

Sasa SGR. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Abiria wameanza kupanda kati ya Dar na Dodoma tangu 2024. Kuna tawi litakalotoka Uvinza kwenda Musongati, Burundi, na hili tawi nalipenda zaidi ya kituo chochote kizuri, kwa sababu Musongati kuna nikeli. Nikeli ni mzigo wa kurudi. Treni iliyopanda na ngano, mafuta na saruji ikishuka na madini hadi Dar, nauli ya kupanda inaweza kushuka, kwa hesabu ileile ya lori lako. Vivyo hivyo Kalemie, ng'ambo yetu, ina reli inayoingia ndani ya Kongo. Ikihuishwa, na meli zikiwepo, madini yanayozunguka kwa malori hadi Tunduma yangekuwa na njia nyingine ya kufika Dar. Lakini wenzetu hawajalala: Angola inaipigania shaba ya Katanga, kusini mwa Kongo, iende Lobito, kwenye Atlantiki. Mzigo wa Katanga utafuata njia yenye siku chache, haijali undugu.

Kwa hiyo nafuu utaipata? Ndiyo, kama treni haitarudi tupu. Ikirudi tupu, nauli itakuwa ya kwenda na kurudi kama ilivyo leo kwenye lori, na deni la kuijenga reli liko juu yake.

Kuna jambo jingine nataka ulifikirie mapema, maana linakugusa wewe na wakulima wa Simbo na Mwandiga. Kigoma ndiyo nyumbani kwa michikichi. Inauma kuona dumu la mawese ya Malaysia likiuzwa Mwanga, lakini angalia hesabu: ile nauli ya shilingi 3,800 ni kinga kwa mkamuaji wa hapa. Mafuta ya nje yanafika yakiwa yamelipia kilomita zote zile, ya kwake hayajalipia. Reli ikishusha nauli, kinga hiyo inapungua. Mteja wako atafurahi na mkamuaji ataumia, isipokuwa awe tayari: miche bora ya tenera, michikichi chotara, inayozalishwa na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, mashine zinazokamua mafuta mengi zaidi kutoka kwenye tunda lilelile, na usafishaji unaofanyika hapahapa. Akiwa tayari, reli hiyo hiyo inampelekea dumu lake Tabora, Dodoma na Dar, na yeye ndiye anakuwa mzigo wa kurudi. Bandari na reli hufungua mlango pande zote mbili. Mkoa usiozalisha hupitiwa tu.

Wewe mwenyewe unaweza kufanya machache hata kabla ya SGR. Ungana na wenzako wawili watatu wa Mwanga mjaze lori au behewa zima badala ya kila mmoja kulipia kipande. Bei ya kipande ndiyo ghali kuliko zote. Agiza bidhaa nzito, mabati na saruji, kabla ya mvua kukolea, maana tuta likikatika kila mwenye lori anapandisha nauli siku ileile. Wateja wako wa Burundi waelekeze kwenye utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya, zikiwa na thamani isiyozidi dola 2,000, hupita kwa cheti cha asili kinachotolewa mpakani bila kuhitaji wakala mkubwa. Sabuni na unga wa viwanda vya Tanzania vinaweza kuingia humo. Wakongo nao ni wanachama tangu 2022, lakini kwa upande wao ulizia kwanza ofisi ya TRA Kigoma utaratibu umefikia wapi kabla ya kumwahidi mteja.

Na ukimpigia mwenye lori safari ijayo, kabla ya kuuliza nauli muulize anarudi na nini. Akisema anarudi mtupu, mtafutie gunia za maharage za Kasulu au chumvi ya Uvinza, halafu ndipo mpatane bei.